Mungu wa kubuni aliyegeuka mke mgomvi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hadithi ya Rip Van Winkle, yule Mmarekani aliyelala mlimani miaka 20. Mkewe anaitwa termagant. Kamusi yangu inasema ni mwanamke mgomvi, mwenye makelele. Asili ya neno hili ni nini? Na mwanamume je, haitwi hivyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Wewe wa Tanga utacheka, maana neno hili lilianza kama uzushi juu ya Waislamu.

Enzi za Vita vya Msalaba, watu wengi wa Ulaya hawakuwa wamemtia machoni Mwislamu hata mmoja, wakajitungia kwamba Waislamu huabudu masanamu. Katika utenzi wa Kifaransa unaomsifu shujaa wa vita Roland, wa yapata mwaka 1100, Waislamu wa Zaragoza, mji wa Hispania, wana miungu kadhaa, mmojawapo Tervagant. Wakishindwa vitani wanayageukia masanamu yao kwa hasira, na Tervagant ananyang'anywa kito chake. Watu wa tauhidi hao, jamani! Hata pigano lenyewe linalosimuliwa na utenzi huo, la mwaka 778, waliolivamia jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, milimani walikuwa Wabaski, wenyeji wa milima hiyo, si Waislamu.

Waingereza walimpokea kwa jina la Termagant, na jukwaani akawa mtu wa kufoka tu. Ndiyo maana Hamlet wa Shakespeare anasema mwigizaji anayefoka kumzidi Termagant anastahili viboko.

Mwanamume? Aliitwa, tena vizuri tu. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry wa Nne, Falstaff anamwita hivyo Douglas, dume la Kiskoti lenye upanga mkononi. Baadaye ndipo wanawake wakaachiwa neno peke yao. Wapo wanaosema kisa ni majoho marefu ya mwigizaji, ati watazamaji walimdhania mwanamke. Mimi joho hilo halinitoshi. Mwanamume akifoka husemwa ana ukali wake, basi, yameisha.

Na huyo Mama Van Winkle usimhukumu haraka. Rudia kurasa za mwanzo: Rip yuko kwa majirani, anawamenyea mahindi na kuwajengea kuta za mawe, huku uzio wake mwenyewe unabomoka na ng'ombe wake yumo kwenye kabichi. Ulitaka mama wa watu anyamaze?