Kampuni ya mkopo wa simu inakudhalilisha? Benki Kuu ina meno

Pole sana, dada yangu. Umeuliza kama Benki Kuu ya Tanzania inaweza kuigusa kampuni iliyokukopesha kwa simu, kisha ikamtumia mama mkwe wako ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Inaweza, ila kwanza jua kama wana leseni.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mwenye leseni yuko mikononi mwa Benki Kuu: wakaguzi wanadai mikataba na vitabu vya hesabu, wanatoa maagizo, wanatoza faini, na asiyesikia hufutiwa leseni. Usidhani ni maneno tu. Januari 2018 benki tano zilifutiwa leseni kwa mkupuo kwa upungufu wa mtaji, na zile zilikuwa benki kabisa!

Kukopesha bila leseni ni kosa la jinai, hapo nenda polisi pia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zisizo na kibali. Itafute yako humo.

Tafadhali usifute kitu. Mwombe mama mkwe picha ya ule ujumbe, namba na saa vionekane. Ambatanisha mkataba na risiti za marejesho. Iandikie kampuni kwanza, hata wakikupuuza, kisha peleka malalamiko Benki Kuu. Kuhusu majina waliyochota kwenye simu yako, nakala iende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.