Mgonjwa asiwe abiria: kwa wanaoanza kazi ya fiziotherapia

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vituo vyenye roboti ya kutembeza wagonjwa wa kiharusi, wiki ya kwanza mtaipenda mashine kuliko mgonjwa. Siwalaumu. Mtu aliyekuwa akinyanyuliwa na watu wawili kutoka kitandani, leo ananing'inia kwenye mikanda, miguu imefungwa kwenye vyuma vyenye mota, na anapiga hatua mamia juu ya tredimili, ule mkanda unaozunguka chini ya miguu. Ndugu zake wanarekodi video huku wanalia.

Mgonjwa wangu wa kwanza kwenye Lokomat, mashine iliyozaliwa Zürich, Uswisi, alikuwa dereva wa lori mstaafu, kapooza upande wa kushoto. Hatua zake kwenye skrini zilikuwa safi kabisa. Baada ya wiki mbili nikamsimamisha kwenye vyuma sambamba, goti likalegea pale pale. Akaniambia, "Mwanangu, mle ndani mimi nilikuwa nimepanda basi."

Alikuwa sahihi. Roboti ikiachwa iongoze mguu kwa asilimia 100, mgonjwa anaweza hata kusinzia na hatua zikaendelea. Ubongo hujifunza kidogo sana kwa kubebwa. Tangu hapo, kila siku napunguza kidogo: nguvu ya kuongoza, kisha uzito unaobebwa na mikanda. Namwambia mgonjwa aitangulie mashine. Sitazami skrini sana, namtazama usoni. Akiendelea kunisimulia habari za wajukuu bila kuhema, najua mota ndiyo inayofanya kazi.

Jambo la pili: siyo kila mwenye kiharusi anaihitaji. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, zinaonyesha wanaofaidika zaidi ni wale walio ndani ya miezi 3 ya kwanza na ambao bado hawawezi kutembea, tena roboti ikienda pamoja na fiziotherapia ya kawaida. Kwa anayetembea tayari, hata kwa kuchechemea, mambo hubadilika. Mtafiti Hornby na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa watu wa namna hiyo: waliosaidiwa na mikono ya mtaalamu juu ya tredimili waliongeza kasi kuliko waliofungwa kwenye roboti. Mimi sikushangaa. Mashine inamshika nyonga, inamwondolea kuyumba, na kuyumba ndiko kunakomfundisha kujizuia asianguke. Yule anayezungusha mguu kwa nje kama anafyeka nyasi, mpeleke sakafuni, kwenye ngazi, kwenye kokoto za nje.

Kasi ipimeni kwa saa ya mkononi na mita 10 za korido. Chini ya mita 0.4 kwa sekunde, mtu huyo kwa kawaida anaishia ndani ya nyumba. Akifika 0.8, sokoni anaenda.

Ngozi msiisahau. Mguu uliokufa ganzi hausemi kuwa mkanda unauchubua. Niliwahi kufungua na kukuta kidonda kwenye muundi, na mwenyewe anatabasamu. Kagueni kabla na baada, kila mara.

Na ile mikanda midogo inayoinua vidole vya mguu inaficha unyayo unaoning'inia. Mkishamfungua, asikanyage sakafu kabla hajavaa kifaa chake cha kushikilia kifundo. Hatua ya kwanza nje ya mashine ndiyo ambayo vidole hukwama.