Umepata x = −2? Najua ulipoteleza

Mdogo wangu, swali lako ni (x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5, na kila ukirudia unapata −2 wakati jibu la kitabuni ni 13. Kitabu hakijakosea.

KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 2 na 5 umeipata vizuri, ni 10. Tatizo ni kwamba umezidisha zile sehemu mbili kwa 10, ile 5 ya kulia ukaiacha ilivyo. Hapo ndipo −2 inapozaliwa. Kila kipande kinazidishwa, hata kisicho na asili (namba ya chini ya sehemu):

5(x + 1) − 2(x − 3) = 50

Sasa taratibu. Alama ya kutoa inaingia nayo kwenye mabano: −2 mara −3 ni +6, siyo −6. (Mimi hapa nilikosa maksi mwaka mzima.) Unabaki na 5x + 5 − 2x + 6 = 50, yaani 3x = 39, x = 13.

Usiniamini, hakiki: 14/2 − 10/5 = 7 − 2 = 5. Sawa.

Ukikutana na x kwenye asili, mfano x/(x − 2) = 2/(x − 2), utapata x = 2, lakini 2 inafanya asili kuwa sifuri, kwa hiyo mlinganyo hauna jibu.

Kama KDS yenyewe bado inakusumbua, mfuate mwalimu wako na daftari mkononi, akuone ukikokotoa.