Bamvua la Tanga halipatikani Louisiana

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Texas. Nimepanga safari ya siku nne Louisiana, siku mbili za kuvua maji baridi katika bonde la Atchafalaya na mbili za kuvua pwani ya Grand Isle. Nimechagua siku za mwezi mpevu, karibu na tarehe 21 Machi, ili nipate bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, na programu ya simu inayotabiri saa za samaki imezipa siku hizo alama za juu kabisa. Nizigawe vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kuzigawa siku hizo itakubidi uziangalie upya, kwa sababu umezichagua kwa hesabu ya nyumbani, nayo haifai katika Ghuba ya Meksiko. Pwani ya Tanga na Unguja maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wakati huo bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne. Grand Isle maji kwa kawaida hujaa mara moja tu kwa siku, na tofauti baina ya kujaa na kupwa ni takriban thuluthi ya mita. Huko maji hupata nguvu mwezi unapokuwa mbali na ikweta, kaskazini au kusini, hata kama haujawa mpevu. Mwishoni mwa Machi jua huwa juu ya ikweta, na mwezi mpevu, ambao siku zote hukaa upande wa pili wa dunia, mkabala na jua, huwa karibu na ikweta vilevile. Kwa hiyo siku ulizozitaraji bamvua ndizo ambazo maji ya Grand Isle husogea kidogo tu, pungufu ya siku nyingine.

Programu uliyoitegemea haikukuambia hayo, na hili ndilo linalonikera kila mwaka. Wanaoziuza huchukua saa za mwezi, wakachora samaki wanne kwenye kioo cha simu kuwa alama ya siku njema, na mtu akaomba ruhusa kazini kwa kufuata michoro hiyo. Asubuhi moja ya Machi mgeni wangu alinionyesha samaki wake wanne huku mashua yetu ikiwa imeketi juu ya tope, mahali ambapo jioni iliyotangulia maji yalifika magotini. Upepo wa baridi wa kaskazini ulikuwa umevuma usiku kucha na kuyasukuma maji kutoka kwenye vinamasi hadi baharini. Chaza walioshikamana na nguzo za gati walikuwa wamebaki hewani, wamekauka.

Kwa mwezi wa Machi, basi, upepo ndio uwe mwamuzi wako. Kituo cha kupima maji cha Grand Isle huonyesha kimo kilichotabiriwa pamoja na kimo kilichopimwa hasa. Tofauti kati ya viwili hivyo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya upepo. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, maji huingia vinamasini na redifishi, yule mwenye doa jeusi mkiani, huyafuata hadi kwenye majani. Upepo wa kaskazini ukishika, siku hizo zitumie Atchafalaya, ambako miti hukukinga. Ndani ya bonde hilo usiulize mwezi kabisa; tazama kipimo cha mto cha Butte La Rose. Mto ukipanda, samaki hutawanyika katika msitu uliofurika. Ukishuka, besi, samaki wa maji baridi, hukusanyika kwenye midomo ya vijito, nako ndiko pa kutupa ndoano.

Leseni ya msingi haitoshi pwani, kwani uvuvi wa maji chumvi una leseni yake ya nyongeza. Tangu 2024 redifishi wa kuchukua ni wanne kwa mtu, wa inchi 18 hadi 27.

Ninaowahofia zaidi ni wanaokodi mashua wenyewe na kuingia vinamasini wakiwa na programu hiyo ya simu tu. Mashua ikikwama tope, wao hukaa wakisubiri maji yajae kama walivyozoea Tanga au Lamu. Maji yaliyoondolewa na upepo hayarudi baada ya muda wa saa sita. Huenda yakakawia siku mbili, mpaka upepo wenyewe ugeuke.