Miwani ya uhalisia pepe katika mafunzo ya moto: ushauri kutoka Kigoma

Kwa sisi tunaofundisha usalama mahali pa kazi hapa Kigoma, moto wa mafuta ndio unaostahili kutangulia katika mazoezi ya uhalisia pepe, yaani mazoezi ambayo miwani maalumu humzungushia mvaaji mandhari ya kuigizwa na kompyuta. Mafuta yanapowaka katika kiwanda kidogo cha mawese, wa kwanza kufika hukimbilia ndoo ya maji, na hakuna jambo baya zaidi awezalo kufanya. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama, huchemka papo hapo na kugeuka mvuke unaohitaji nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye paa na usoni mwa aliyeyamwaga. Hakuna mkufunzi anayeweza kuruhusu kosa hilo lijaribiwe kwa vitendo. Ndani ya miwani, mwanafunzi hulifanya, huuona moto ukimpandia, kisha hurudia zoezi kwa kuzima chanzo cha joto na kulifunika pipa. Nimeona watu waliokuwa wakinisikiliza kwa adabu tu wakianza, baada ya zoezi hilo, kuuliza mfuniko wa pipa lao uko wapi.

Wazo la kufundishia hatari kwa kuiigiza ni la zamani, kwani Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine ya kufundishia marubani wakiwa ardhini mwaka 1929.

Hata hivyo, miwani hufundisha uamuzi na mpangilio wa hatua, mikono haiifundishi. Kidhibiti kinachoshikwa ni chepesi mno, ilhali mtungi wa kuzimia moto wenye kilo 9 za poda ni mzito zaidi ya hapo ukijumlisha chuma chake, pini yake inaweza kugoma, na poda huisha kabla ya nusu dakika. Kwa sababu hiyo, kila anayevua miwani namkabidhi mtungi halisi siku hiyo hiyo, autembeze na kuulenga kwenye shina la moto. Ikiwa fedha hazitoshi, mitungi inunuliwe kwanza.

Baadhi ya wanafunzi hupata kizunguzungu, kwa sababu macho huona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi. Waketi wakati wa zoezi, zoezi liwe fupi, na anayeanza kutokwa jasho avue miwani mara moja bila kuonewa aibu. Asiendeshe pikipiki kabla hajatulia kabisa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mandhari. Programu nyingi huonyesha majengo marefu ya vioo na kuzungumza Kiingereza, na mpakiaji wa ghala la karibu na bandari hajifunzi lolote kuhusu mlango wake mwenyewe. Ushauri wangu ni kutumia kamera ya nyuzi 360 kurekodi njia ya kutokea katika jengo lenu, kuanzia anaposimama mfanyakazi hadi mahali pa kukusanyikia, na kuweka maelezo kwa Kiswahili, ikiwemo namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Rekodi hiyo huingia katika miwani na kufanya kazi bila intaneti, mradi imepakuliwa mapema na betri imejazwa. Shehena ikihamishwa na kuziba njia, rekodini upya kabla ya kundi linalofuata.