Nimealikwa Kuwafundisha Vijana

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Ninaandika programu za kompyuta hapa Wete, na vijana wanaokutana kila mwezi kujifunza kazi hii wamenialika niwafundishe, lakini nachelea kwamba elimu yangu haitoshi. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikumu salaam, ndugu yangu. Kubali, wala usiandae hotuba. Chukua kosa moja lililowahi kukusumbua katika programu yako, ulitafute na kulirekebisha mbele yao, kwani mwanafunzi hufaidika sana anapomwona fundi akifikiri. Waoneshe pia programu iitwayo Git, iliyoanzishwa na mwandishi wa programu Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huhifadhi historia ya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo mtu huendelea kurekodi mabadiliko hata intaneti inapokatika. Mwezi unaofuata rudi, safari hii ukae miongoni mwao usikilize.