Visigino havigusi chini, vifundo vya mikono vinauma

Dada, pole. Umesema ukikaa mkao wa yoga wa mbwa anayejinyoosha, ule wa Adho Mukha Svanasana, viganja na miguu chini, makalio juu, visigino vinaning'inia na vifundo vya mikono vinauma. Visigino achana navyo kabisa. Mimi huu mwaka wa pili, changu cha kulia bado hakijagusa mkeka, na sidaiwi na mtu.

Shida iko mikononi. Unalazimisha miguu inyooke, mgongo unajikunja kama kobe, basi uzito wote unaangukia viganjani. Kunja magoti, hata sana, kisha sukuma makalio juu na nyuma mpaka mgongo unyooke. Tanua vidole na ukandamize shina la kidole gumba na la kidole cha shahada. Shina hilo likiinuka hata kidogo, ujue uzito umerudi kwenye kifundo. Shingo ilegee, utazame magoti. Pumzi tano zinatosha, halafu shusha magoti taratibu. Usikurupuke kusimama, utaona nyota mchana.

Bado vinauma? Tumia ukuta. Weka viganja usawa wa kiuno, rudi nyuma hatua mbili tatu, inama. Mgongo unanyooka vilevile na mikono haibebi uzito mwingi.

Halafu usifanyie kwenye vigae ukiwa na soksi, wala juu ya mkeka wa ukili. Kama una presha ya kupanda, glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) au mimba kubwa, muulize daktari kwanza kabla ya kushusha kichwa chini hivyo.